Sakafu ya Gereji Haibebeki

Kipkelion. Jumapili, Februari 1996.

Jua limewaka tangu asubuhi, na upepo unapanda kutoka upande wa Fort Ternan ukileta harufu ya miwa iliyochomwa. Ni hali ya hewa nzuri kwa rangi. Kwa moyo, sijui.

Magoti yamevimba. Vidole vimechubuka kwa patasi na kwa ile soda ya kuoshea mafuta. Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, kikombe cha chai pembeni, naitazama gereji ambayo tangu mchana huu ina milango tena. Naandika upesi kabla hasira haijapoa. Hasira yangu ikipoa huwa naanza kuwaonea watu huruma, na leo sitaki.

Nianze na sakafu.

Gereji hii aliijenga mume wangu, Baba Njeri, tulipokuwa wachanga katika ndoa, hata kabla jiko halijapata paa. Kuta za mawe ya kuchonga, mabati juu, simiti chini. Kila Jumamosi alikuwa humo, amelala chini ya gari lake, miguu tu ndiyo ikionekana, redio ikiimba dirishani. Miaka minne iliyopita, ule mwaka wa vita vya makabila, vijana walipokuja kuwafukuza watu ambao wazazi wao walitoka upande wa Mlima, kama wetu, nyumba yetu ilichomwa na gereji ikachomwa, gari likiwa ndani. Sisi tulikuwa tumeshakimbilia stesheni na watoto na blanketi.

Kuta zilibaki zimesimama. Sakafuni likabaki doa jeusi lenye umbo la gari. Mtu angeweza kuonyesha kwa kidole: hapa tairi, hapa injini.

Wanaponiambia nirudi kwetu huwa nawauliza kwetu ni wapi. Baba yangu alikuja hapa akiwa kijana, kufanya kazi ya reli. Mimi nilizaliwa hapa. Kitovu changu kimezikwa ng'ambo ya reli, nyuma ya nyumba za wafanyakazi, na hakuna mtu wa Murang'a, alikotoka baba, anayenijua kwa jina.

Tulikaa Nakuru katika chumba cha kupanga. Baba Njeri alipata kazi ya kuziba matairi, na yuko huko hadi leo pamoja na watoto, kwa sababu ya shule. Mimi nilishindwa. Nilirudi peke yangu mwaka juzi, nikiwa na pikapu kuukuu, nikaanza kubeba maziwa ya wakulima kupeleka kiwandani. Wakulima wengi ninaowabebea ni Wakipsigis, kabila la vijana wale waliotuchomea. Watu huniuliza nilipata wapi moyo wa kurudi. Maziwa hayangoji, na ng'ombe hana habari na kabila la mwenye pikapu.

Mume wangu alikubali nirudi kwa sharti moja: tusijenge kitu chochote kisichoweza kupakiwa kwenye lori. Nyumba ninayolala ni ya mabati, na kila bolti yake inafunguka. Kitanda ni cha kukunja. Hata mti wa parachichi sikupanda. Na mwaka ujao ni mwaka wa kura, kwa hiyo sharti limezidi kukazwa. Kila barua ya Baba Njeri inaishia hapo hapo.

Nimelitii sharti hilo hadi Januari hii.

Siku moja nilikuwa nimelala chini ya pikapu nikifunga bomba la moshi. Masizi ya moto wa mwaka ule yalikuwa yananidondokea usoni kutoka kwenye boriti, na mgongo wangu ulikuwa juu ya lile doa. Nikajiuliza: mimi mtu mzima, ninayelipa karo ya watoto, kwa nini nalala ndani ya jivu langu mwenyewe? Nilitoka humo ndani nikiwa nimeamua.

Nataka sakafu ya kudumu.

Nataka pia dirisha upande wa juu, mfereji wa kutolea maji, taa ya tyubu, benchi la kazi lililoingizwa ukutani, na rafu zilizopigiliwa. Nimesema kupigiliwa. Sitaki ya kusogezwa.

Kuchagua rangi kulinichukua muda kuliko nilivyodhani. Fikira ya kwanza ilikuwa ile nyekundu ya unga, inayochanganywa na simiti kisha ikapigwa nta hadi uone uso wako. Mama yangu aliipenda sana, na sebuleni inapendeza. Lakini ndani ya gereji, tone la mafuta likiangukia nta, utateleza uvunje kiuno. Nikafikiria kumalizia kwa simiti laini tupu bila rangi. Hiyo ni rahisi, ila inatoa vumbi siku zote na inafyonza mafuta kama mkate unavyofyonza chai. Halafu kuna rangi ya kawaida ya sakafu, ya kopo moja. Jirani yangu mmoja aliipaka, na tairi za moto zikaing'oa kwa vipande, sakafu ikabaki kama mgonjwa wa ngozi.

Ya nne ni rangi ya makopo mawili, kama ile waliyopaka kule kiwandani ninakopeleka maziwa. Moja ni rangi yenyewe, jingine ni dawa ya kuigandisha. Inashika simiti kama ukucha. Haiogopi mafuta wala tairi. Ila ina masharti: sakafu isiwe na mafuta, isiwe na unyevu hata kidogo, na ukishachanganya lazima upake, maana haitakungoja.

Ijumaa nilikwenda Kericho kuinunua. Mwenye duka la hadiwea alitaka kujua mwenye gereji ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akauliza tena, kwa adabu, kama mzee wa nyumba ameshachagua rangi. Nikamwambia mzee wa nyumba yuko Nakuru na rangi ninayotaka ni kijivu cheupe. Akanishauri nichukue kijivu cha giza, kwa sababu kinaficha uchafu.

Nilikataa. Nimechoka na sakafu inayoficha. Nataka tone likidondoka nilione siku hiyo hiyo.

Matayarisho nilikuwa nimeshayafanya kwa mikono hii. Simiti iliyoungua haioshwi ikatakata. Nilipiga patasi na nyundo doa lote, umbo lote la gari, mpaka nikafika mahali ambapo nyundo ililia kama juu ya simiti nzima, isiyo na uwazi. Siku ya kwanza nililia. Baadaye nilikuwa na hasira tu, na hasira inachimba vizuri kuliko machozi. Nikamwaga simiti mpya, nikailaza kwa mteremko mdogo kuelekea kwenye mfereji, nikaimwagilia maji hadi ikakomaa, nikaiacha ikauke. Juzi nilibandika kipande cha nailoni juu yake kwa utepe, pande zote nne. Nilipokifunua jana asubuhi, chini yake hapakuwa na jasho hata kidogo.

Sakafu ilikuwa tayari. Asubuhi hiyo hiyo Baba Njeri akashuka treni.

Sikumtarajia. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, nikajua amekuja na neno. Alisimama pale ambapo zamani palikuwa na milango ya gereji, akachungulia ndani, hakuingia. Tangu ule mwaka hajawahi kukanyaga humo. Akija huku hukaa jikoni, na akitaka spana huniomba mimi nimletee.

Neno lake lilikuwa hili: amepata mtu wa Londiani anayetaka kununua ploti yetu. Ni mtu mpole, anaikubali kama ilivyo, na Jumanne anakuja kuiona. Alisema tungepata pahali padogo Nakuru, karibu na shule, tukaishi sote chini ya paa moja. Alilisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma. Angekuja kwa ukali ningejua la kufanya.

Nilimwonyesha makopo. Aliyatazama.

"Mama Njeri," alisema, "sakafu haibebeki."

"Ndiyo maana naiweka," nikamjibu.

"Na wakija tena?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Bado sina. Naliandika hapa ili nisijidanganye kesho kwamba nilikuwa nalo. Nilimwambia tu kitu ninachokijua: kwamba hao watu hawahitaji kuja tena. Kila jioni tunalala kama watakaokimbia, kila asubuhi tunaamka tukiwa tumejifukuza wenyewe. Tumewafanyia kazi yao bure.

Akaingia jikoni, akakaa, akavua koti.

Basi nilipokuwa nimesimama pale nje, nikiangalia lile pengo ambalo nilikuwa nimepanga kulifunga kwa milango mipya ya chuma, nikafikiri: milango mipya ya nini? Yangu ipo. Najua ilipo.

Iko kwa Mzee arap Rono, ng'ambo ya mto.

Hili sijawahi kuliandika mahali popote. Kila asubuhi nachukua maziwa kwa arap Rono, na kila asubuhi naiona milango yangu imefunga zizi la ndama wake. Ni mbao za tarakwa, na vile vyuma vya kukingama Baba Njeri alivichomelea mwenyewe. Tunasalimiana kwa Kipsigis. Chamgei. Chamgei mising. Anamimina maziwa, napima, naondoka. Tangu nirudi, hakuna aliyewahi kugeuza kichwa upande wa zizi mbele ya mwenzake. Kijiji kizima kinajua, na kijiji kizima kinasalimiana.

Baba Njeri alinisihi nisiende. Alisema nitachokoza mzinga ulionyamaza. Nilikwenda.

Nilimkuta mzee anawakatia ng'ombe nyasi. Alifikiri nimekuja kwa habari ya maziwa, akaniambia ng'ombe mmoja hajamalizwa kukamuliwa. Nikamwambia sikuja kwa maziwa.

"Ile milango ni yangu, Mzee. Nimekuja kuichukua."

Aliweka panga chini. Ndama walikuwa wakijikuna kwenye mbao. Kisha akaanza kunieleza, bila kunitazama. Kwamba ni mwanawe aliyeing'oa kabla ya moto na kuileta wiki ile, na sasa kijana huyo yuko huko kwenye mashamba ya chai, hafiki nyumbani mara nyingi. Kwamba alimwambia airudishe, lakini airudishe kwa nani, na sisi tulikuwa tumeshakwenda. Kwamba aliifunga pale isije ikaoza kwa mvua.

"Nilikuwa nangoja uulize," alisema.

Maneno hayo yalinichoma kuliko moto wenyewe. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyechomewa, na haikuwa kazi yangu kuuliza. Nilimwambia kwamba nimekunywa maziwa ya ng'ombe hao huku nikitazama mlango wangu. Sauti yangu ilipanda, mke wake akatoka nje, akasimama, akarudi ndani.

Arap Rono alikubali. Hakubishana hata kidogo. Aliomba jambo moja tu: ailete jioni, giza likianza kuingia, kwa njia ya mtoni.

"Iliondoka mchana," nilimwambia. "Itarudi mchana."

Leo sikwenda kanisani. Nilikwenda kumngoja mzee. Nilidhani ataleta sababu, lakini nilimkuta ameshaifungua yote miwili, ameipakia kwenye mkokoteni wa punda na kuifunga kwa kamba, naye amevaa kofia yake nzuri. Kwenye zizi alikuwa amekingamisha miti.

Tulipita njia kubwa. Nilijua saa ya watu kutoka ibadani, naye alijua. Mimi mbele, punda nyuma yangu, mzee pembeni ya punda. Tulipofika madukani kanisa lilikuwa linamwagika barabarani, watu wa kabila lake na wa kabila langu, Biblia mikononi, watoto wakivutwa. Mazungumzo yakapungua, kisha yakaisha. Nilisikia gurudumu la mkokoteni likilia, na nikafikiri, hapa ndipo mtu atasema neno na kila kitu kitaharibika.

Mama mmoja ninayembebea maziwa alijaribu kuniokoa. Aliniuliza kwa sauti ya uchangamfu kama nimenunua milango.

Kabla sijafungua mdomo, arap Rono akasimamisha punda.

"Ni yake," alisema. "Ilikuwa kwangu."

Alisema kwa Kipsigis kwanza, halafu akarudia kwa Kiswahili, wasikie wote. Alivua kofia, akaishika kifuani, akaivaa tena. Punda akaendelea. Wazee wawili waliokuwa wameegemea duka waliangalia viatu vyao.

Sikumshukuru. Nilikuwa nimeshikilia ubao wa mkokoteni kwa nguvu mpaka kibanzi kikaniingia kiganjani, nami nikaendelea kutembea.

Baba Njeri alikuwa langoni. Nadhani alitusikia kutoka mbali. Mzee alipoanza kufungua kamba ili anisaidie kuishusha, mume wangu alikuja akaweka mkono wake juu ya ubao.

"Mpaka hapa, Mzee," alisema. "Ndani nitaipeleka mimi."

Hakusema kwa matusi. Arap Rono aliachilia kamba, akarudi hatua chache, akasimama kando ya punda wake.

Tulibeba mlango mmoja mmoja, mimi upande huu na mume wangu upande ule. Ni mizito kuliko nilivyokumbuka. Na bawaba za gereji hii ziko kwa ndani. Huwezi kuupachika mlango huu ukiwa umesimama nje. Nilimwona anafika kizingitini, anatulia. Halafu, kwa kuwa uzito ulikuwa mikononi mwake na hapakuwa na nafasi ya kufikiri, akaingia.

Alifunga bolti zote. Alipomaliza ya mwisho ndipo akatazama chini. Alikuwa amesimama katikati, pale lilipokuwa lile gari lake. Alipiga sakafu kwa kisigino, mara hapa, mara pale, akisikiliza. Akauliza ni fundi gani aliyemwaga simiti hii. Nikamwambia ni mimi. Akachuchumaa, akapitisha kiganja.

Akasema mteremko uko sawa. Akasema pia karibu na ukuta wa kulia kuna kauvimbe, kasuguliwe kabla ya rangi.

Kweli kako. Nilikuwa nimekaona nikajifanya sikukaona. Nimekasugua kwa jiwe hadi jioni, na ndiyo sababu ya magoti haya.

Nilipotoka nje mzee alikuwa bado amesimama langoni, akingoja bolti ya mwisho. Aliinamisha kichwa, akamgeuza punda, akaenda zake. Chai sikumpa. Katika nchi hii inayoishi kwa majani ya chai, mtu akifika langoni kwako hupewa kikombe hata kama mna ugomvi, na mimi birika lilikuwa jikoni, la moto. Sikumpa. Alichofanya barabarani ni kitu kikubwa, nakijua ukubwa wake. Alichokaa nacho miaka yote hii nacho nakijua. Asubuhi nitachukua maziwa yake na nitamsalimu, na safari hii nitaangalia zizi. Labda siku nyingine nitamkaribisha. Sitaharakishwa na mtu, hata na mchungaji.

Jioni hii Baba Njeri alikuja akakaa hapa kwenye ngazi, karibu nami. Hati ya ploti ina jina lake peke yake. Hilo tunalijua sote wawili na hakuna aliyelitaja. Aliniuliza rangi hii inachukua muda gani kukauka. Nikamwambia kuikanyaga kwa miguu ni siku kadhaa, na gari likae nje zaidi ya wiki. Akafikiri.

"Kwa hiyo Jumanne itakuwa bado mbichi."

"Itakuwa mbichi."

"Sasa yule mtu wa Londiani nitamwonyesha nini?"

"Mwonyeshe milango," nilimwambia. "Imefungwa."

Alitoa sauti puani. Huenda alicheka, huenda alichoka. Kisha akaingia kulala, na sasa nakisikia kitanda cha kukunja kikimlalamikia.

Treni yake ya kwenda Londiani, kumleta yule mtu Jumanne, ni kesho jioni. Ana mchana mzima wa kuamua, nami sitambembeleza, wala sitamlaumu akienda, kwa sababu yeye pia alichomewa. Ila nimeshaamua langu. Kesho nikirudi kutoka kupeleka maziwa nitafungua makopo yote mawili, nichanganye, niingie. Nitaanzia ukuta wa nyuma, nirudi kinyumenyume kwa magoti, brashi mbele yangu, mpaka mlangoni.

Kama atakuwa amesimama pale nyuma yangu, au atakuwa ameshakwenda stesheni, sitajua mpaka nifike. Nikifika, sakafu itakuwa imekwisha.